Tarishi Chini ya Unyayo

Mtu aliyepata kuketi karibu na jukwaa la bendi ya muziki wa dansi, akawatazama wapigaji badala ya kuwatazama wachezaji, hakukosa kukiona kitendo kimoja ambacho wasikilizaji wa mbali hawakijui: ya kuwa mpiga gitaa la solo, wimbo unapokaribia kuuacha ubeti wa mwisho na kuingia sebene, huinama ghafula kama mtu aliyeangusha sarafu, akabonyeza kitu kilicho chini, kisha akainuka, na aghalabu huwa amekwisha chelewa mapigo mawili. Mpwa wangu, ambaye riziki yake ya mwisho wa juma huipata kwa kupiga gitaa katika arusi za hapa Tanga, alikuwa akiinama hivyo mara saba au nane kwa usiku mmoja, hata mpiga besi wao akampa lakabu ya "Rukuu," nayo ikashika.

Kilichokuwa kikimwinamisha ni mashine ya madoido. Gitaa la umeme likiachwa kama lilivyo hutoa sauti kavu na nyembamba, na kazi ya mashine hiyo ni kuipokea sauti na kuigeuza kabla haijafika kwenye spika: kuitia mwangwi unaorudi baada ya kitambo, au mvumo kama wa ukumbi mkubwa wenye kuta tupu, au mtikisiko wa korasi unaolifanya gitaa moja lisikike kama mawili, au ule mkwaruzo mzito wapendao vijana wa roki. Mashine ya mpwa wangu ni POD ya kampuni ya Line 6 ya California, ile nyekundu yenye umbo la figo iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, naye aliinunua ikiwa imekwisha pita mikononi mwa watu kadhaa. Ndani yake zimo hifadhi 36 za sauti, zilizopangwa katika mafungu 9 ya herufi nne nne, kutoka A hata D; lakini vitufe vya kuziita vimewekwa juu yake, mahali pa kidole na si mahali pa mguu, kwa kuwa walioibuni walimkusudia zaidi mtu aliyeketi kwa utulivu katika chumba cha kurekodia, si kijana aliyesimama jukwaani saa nane za usiku na bwana arusi anamtunza noti kipajini. Yapo makanyagio yaliyoundwa na watengenezaji kwa ajili ya mashine za namna hiyo, walakini kwetu hayapatikani ila kwa kuagiza kutoka ng'ambo, na kodi yake mtu aweza kununulia gitaa jingine.

Siku moja alinijia nyumbani na mashine yake kwapani, akanionyesha matundu mawili ya mviringo, kila moja lina vishimo vitano vilivyopangwa kama mwezi mwandamo, ambayo kwa miaka yote hakupata kuyachomeka kitu.

"Shikamoo mjomba. Haya matundu ni ya nini?"

"Marahaba. Moja ni sikio na jingine ni kinywa," nikamjibu. "Muda wote huu ulikuwa ukimbonyeza mtu ambaye angekusikia lau ungelisema naye."

Jawabu langu lilimcheza shere kidogo, nami nikalazimika kulieleza, na katika kulieleza nikajifunga kwa ahadi ya kumtengenezea kanyagio la nyumbani, la midi, kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo la kwanza la kufahamu, nalo ndilo linalowatisha bure watu wengi, ni kwamba katika kifaa cha namna hii haipiti sauti hata chembe. Yale makanyagio ya kawaida ya gitaa hupitisha sauti yenyewe ndani ya swichi iliyo sakafuni, ndiyo maana kila waya mbovu na kila kiungo kilicholehemiwa kwa haraka husikika kwenye spika kama mtu anayekaanga vitunguu. Kanyagio la midi halina haja na hayo. Gitaa huungwa na mashine kwa waya wake kama ilivyo desturi. Kisanduku cha miguuni huungwa kwa waya wa pili, na katika waya huo wa pili hupita maneno tu: lete hifadhi ya tano, zima mwangwi, punguza sauti nusu. Ni mfano wa tarishi wa bomani, ambaye huchukua waraka kutoka ofisi hii kuupeleka ile. Hata waraka ukiwa wa kumwita mwimbaji mashuhuri, tarishi mwenyewe si lazima ajue kuimba. Kwa hiyo vipuri vya bei nafuu haviharibu sauti, maana havikutani nayo, na mtu asiye na ilimu ya sauti za umeme aweza kukitengeneza kifaa hiki kikamtumikia sawa na cha dukani.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa fundi wa uani si tukio la bahati. Hapo kabla ya mwaka 1983 kila kampuni ya vinanda vya umeme ilikuwa na lugha yake, na kinanda cha kampuni moja aghalabu hakikuweza kukiamuru cha kampuni nyingine. Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa Roland huko Japani, aliona ya kuwa fitina hiyo ya waya inaidhuru biashara ya wote, akawaendea Wamarekani kwa rai ya kuwa na lugha moja. Naye Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits akaandika pendekezo na kulisoma mbele ya wahandisi wa sauti mwaka 1981. Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, waliunganisha kinanda cha Prophet-600 cha Mmarekani na Jupiter-6 cha Mjapani kwa waya mmoja, kikapigwa kimoja na kingine kikaitika. Kanuni za lugha hiyo, ndiyo midi, zilichapishwa mwaka huohuo, na yeyote aliweza kuitumia katika vifaa vyake bila ya kulipa ushuru kwa mtu. Mwaka 2013 mabwana hao wawili walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi, baada ya miaka 30 ya ala kusemezana. Binafsi nadhani waliistahiki mapema zaidi, kwani wafanyabiashara washindani kukubaliana jambo na kisha kuliacha mlango wazi ni nadra kuliko wimbo mzuri.

Lugha yenyewe ni ya tarakimu. Kila neno lake ni baiti moja, yaani nambari kutoka 0 hata 255, na nambari hizo zimegawanywa kwa hikima ya kupendeza: zilizo kuanzia 128 kwenda juu ni vitenzi, na zilizo chini ya 128 ni maelezo ya vitenzi hivyo, kiasi kwamba mashine ikipokea nambari kubwa hutambua mara moja kuwa amri mpya imeanza. Kitenzi tulichokihitaji sisi zaidi ni 192, maana yake, "badili hifadhi, wewe uliye katika njia ya kwanza"; 193 humwambia aliye katika njia ya pili, na hivyo hivyo hata 207, kwa kuwa njia ni 16 na waya mmoja waweza kuzitumikia zote. Baada ya kitenzi hicho hufuata nambari moja ya hifadhi itakiwayo, na waraka umekwisha. Kitenzi cha pili ni 176, nacho hufuatwa na maneno mawili, la kwanza likitaja ni kirekebishi gani na la pili likitaja kiasi. Kirekebishi cha 7, mathalani, ni ukubwa wa sauti, hata mashine za makampuni mbalimbali hukubaliana juu yake. Maneno haya husafiri kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti hubebwa na biti 10, moja ya kubisha hodi, nane za neno lenyewe, na moja ya kuaga. Kwa hiyo amri ya maneno mawili humalizika kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia, na hakuna sikio la mwanadamu litakalolalamika kuwa tarishi amechelewa.

Tukaanza kazi. Ubongo wa kisanduku ni bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo iliyo wazi, karibu sawa na kiganja, ya ukoo ulioanzia mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu wasio wahandisi, na jina lake, msomaji ataniwia radhi kwa kulitaja, lilitokana na baa waliyokuwa wakikutania waasisi wake, nayo baa iliitwa kwa jina la mfalme wa kale wa pale mjini. Bodi hiyo ina miguu 14 ya tarakimu, ambayo kila mmoja waweza kuusoma kama swichi imebanwa au kuutumia kuwasha taa, na sita mingine yenye uwezo wa kupima volti. Tulichukua minne kwa swichi na minne kwa taa ndogo za ledi. Kila swichi ina waya mmoja uendao kwenye mguu wake wa bodi, na mwingine uendao kwenye hasi. Tena bodi inayo rezista ya ndani inayoushikilia mguu juu swichi isipobanwa, basi hatukuhitaji kuongeza kitu. Ledi, hizo, sharti kila moja iwekewe rezista yake, ama sivyo itaungua, na ikiwa na bahati mbaya itauunguza na mguu wa bodi.

Upande wa kutolea amri ni mwepesi kwa namna ya kustaajabisha: rezista mbili za omu 220 na soketi moja ya vishimo vitano. Katika vitano hivyo hutumika vitatu tu. Cha 4 huungwa na volti 5 kupitia rezista ya kwanza, cha 5 huungwa na mguu wa bodi unaotoa maneno kupitia rezista ya pili, na cha 2, kilicho katikati, huungwa na hasi ili kuukinga waya. Wenye busara waliotunga kanuni hizi waliuweka mzigo wote kwa mpokeaji, ambaye ndani yake mna kidude kiitwacho optokapla, yaani taa ndogo mno iliyofungiwa katika chumba cha giza pamoja na jicho la kuitazama. Umeme wa kanyagio letu huishia kuiwasha na kuizima taa hiyo. Jicho huona, na mashine husoma nuru. Baina ya vifaa viwili hakuna shaba inayogusana na shaba kwa ajili ya ujumbe, na kwa sababu hiyo ule mlio wa chini chini unaosumbua majukwaa yenye vifaa vingi vya umeme haupati njia ya kupita hapo. Zaidi ya hayo, waya ukiwa kimya taa huwa imezimwa, na huwaka kwa biti iliyo sifuri. Jambo hili liliniduwaza mpaka nilipolizoea.

Soketi hatukuinunua. Tuliitoa katika rekoda ya kanda ya Grundig iliyokuwa imelala kabatini tangu enzi za marehemu babu ya mpwa wangu, maana soketi hizi asili yake ni kanuni za Kijerumani za redio na rekoda, na waasisi wa midi walizichagua kwa sababu zilikuwa rahisi na zimejaa masokoni. Kwa fundi wa redio aliyezeeka, basi, nusu ya kazi hii ni marafiki wa zamani.

Hapo ndipo nilipoaibika. Nambari za vishimo hazifuatani kama mtu angetarajia. Ukifuata ule upinde kutoka ncha hadi ncha utakuta 1, 4, 2, 5, 3. Mimi niliuchora mpango huo vizuri katika karatasi kwa kuitazama soketi usoni, kisha nikaigeuza nipate kulehemu kwa nyuma, nikasahau ya kuwa kilicho kulia sasa kimekuwa kushoto. Nikalehemu kwa ustadi wote, viungo vikang'aa, tukaunga mashine, mpwa akakanyaga, na pasitokee kitu. Akakanyaga tena. Taa ya kisanduku ikawaka kwa adabu, mashine ikakaa kimya. Tulitumia jioni mbili kuitafuta dosari katika programu, tukiisoma mstari kwa mstari, tukibadili nambari za njia, tukishuku waya, tukishuku mashine yenyewe kuwa imekufa sikio, mpaka mke wangu, aliyekuwa akituangalia huku akichambua mchele, akauliza kama picha ile imechorwa kwa mbele au kwa nyuma. Cha 4 na cha 5 vilikuwa vimebadilishana mahali. Taa ya optokapla, kama ledi yoyote, hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo tulikuwa tukimnong'oneza mtu kisogoni. Haikuharibika kitu; tukabadili waya mbili, na mashine ikaitika kwa mara ya kwanza, herufi kwenye kioo chake ikaruka kutoka A kwenda C.

Mintarafu ya programu sitasema mengi, kwa kuwa ni fupi. Huandikwa katika kompyuta ya kawaida na kupelekwa kwenye bodi kwa waya wa yu-es-bi. Huiambia bodi iseme kwa mwendo wa 31,250, kisha izizungukie swichi nne bila kuchoka, na ikiikuta moja imebanwa ambayo mzunguko uliopita haikuwa imebanwa, itume 192 na nambari ya hifadhi, iwashe taa ya swichi hiyo na kuzizima nyingine. Kuna hila moja tu. Swichi ya chuma ikibanwa haigusi mara moja na kutulia, bali hudunda, kama mpira uangukao sakafuni, kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde, na bodi yenye kasi ya mizunguko milioni 16 kwa sekunde huuhesabu kila mdundo kuwa ni kubanwa upya. Dawa yake ni kuifundisha subira: ikiona swichi imebanwa, ingoje sehemu 20 za elfu za sekunde, itazame tena, na ikiwa bado imebanwa ndipo iamini.

Swichi zenyewe ziwe za kurudi, zile zinazoachia mguu unapoondoka, si zile za kukwama ambazo hubanwa mara ya kwanza zikakaa na mara ya pili zikatoka. Wauzaji wa vipuri vya gitaa mara nyingi huuza hizi za pili, na mnunuzi asipouliza atarudi dukani. Kisanduku alikitengeneza seremala wa mtaani kwa mbao za mninga, uso wake umeinama kidogo kumwelekea mpigaji, na nafasi baina ya swichi na swichi ni sentimita 9. Nilitaka 6 ili kisanduku kiwe kidogo. Mpwa wangu akaweka kiatu chake mezani bila kusema neno.

Baada ya kufika hapo tulikutana na mambo mawili ambayo yatamkuta kila mtu. La kwanza ni hesabu: watu huhesabu kuanzia moja, na waya huhesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo katika mashine nyingi hifadhi iliyo ya kwanza kwenye kioo huitwa kwa kutuma 0, na nyingine zina mpangilio wao wenyewe. Njia ya salama ni kutuma nambari moja moja, kutazama kilichotokea, na kuandika. La pili ni zito zaidi kwa mwanamuziki. Mashine nyingi zikiamriwa kubadili hifadhi hukata sauti kwa kitambo kidogo huku zikipanga upya vyombo vyao vya ndani, na mwangwi wa noti ya mwisho hukatika kama uzi. Penye mapumziko ya wimbo hakuna anayetambua. Kwenye mlango wa sebene kila mtu hutambua. Kwa mahali hapo tuliacha kubadili hifadhi, tukaitumia ile amri ya 176, inayowasha au kuzima doido moja ndani ya hifadhi ileile, na gitaa likavuka bila kukatika. Kazi hii ya kuamua ni kipi kitumike wapi haipo katika kitabu chochote cha maelekezo. Ilimchukua mpwa wangu majuma matatu ya mazoezi, naye ndiye aliyeijua, si mimi.

Kisha akataka kanyagio la kubembea, la kuongeza na kupunguza sauti taratibu kwa kisigino na vidole. Tulitia potenshomita ya kilo-omu 10, ncha zake mbili kwenye volti 5 na hasi, na kati yake kwenye mmoja wa ile miguu sita ya kupimia, ambao husoma kutoka 0 hata 1023. Ukigawa kwa 8 na kutupa baki unapata 0 hata 127, kipimo kamili cha midi. Lakini kipimo hicho hakitulii hata mguu ukitulia. Hubabaika baina ya nambari mbili jirani, na bodi yetu tiifu ikawa inatuma kila mbabaiko, ikijaza waya kwa upuuzi hata amri za swichi zikawa zinangoja foleni. Tukaiamuru isiseme kitu mpaka kipimo kiwe kimesogea kwa daraja sita au zaidi katika zile 1023. Ikanyamaza, nasi tukalala.

La umeme nalo nisilisahau, kwa kuwa nusura litupotezee usiku wa arusi. Adapta za volti 9 zitumiwazo na makanyagio ya gitaa aghalabu huweka hasi katikati ya plagi na chanya nje, ilhali bodi ya Arduino hutaka chanya katikati. Plagi zinafanana, zinaingia, na taa hazi­waki. Mpwa wangu aliazima adapta ya mwenzake jukwaani, akakuta kisanduku kimekufa, akanipigia simu mimi niliye kitandani; nikamwambia aache adapta, achukue chaja ya simu ya mpiga kinanda na ule waya wa yu-es-bi. Kwa hiyo kisanduku sasa hula umeme wa chaja ya simu kila usiku, na chini yake kimepigiliwa kipande cha mpira wa tairi ili kisiteleze. Lakabu bado ipo, walakini juzi nilisikia mpiga besi ameibadili kidogo: anamwita "Itidali."